Bunduki mpya ya baba na nyani wa Sigino

Sijawahi kumwambia mtu: bunduki ya baba sikuiamini tangu siku aliyoinunua.

Leo nyani wameingia kwenye mahindi yetu hapa kijijini Sigino, chakula cha mwaka mzima.
Baba akaita majirani waje waone. Akaielekeza bunduki angani ili awatishe nyani kwa mlio.

Tik.

Akajaribu tena. Tik.

Nyani mkubwa akatutazama, akaendelea kumenya hindi.

"Baba Ester," akasema jirani yetu Mama Pendo, "labda inasubiri nyani waiamkie!"

Watu walicheka. Baba hakucheka.
(Mngekuwa mimi, mngefanyaje?)

Mimi, ambaye darasani hata mkono sinyooshi, nilichukua debe, nikaingia mahindini nikilipiga na kupiga kelele.
Nyani wakakimbia wote!

Kisha nikamletea baba naye debe lake la kupiga, tukaenda kulinda upande wa pili.