Mwalimu wa Sayansi na Ukuta wa Kilburn

Mtu aliyetumwa na ajenti wa nyumba alikaa kwenye flati yetu ya Kilburn, London, dakika nne. Nilikuwa nimeweka chai jikoni nimkaribishe, na alipoondoka majani yalikuwa hayajakolea. Aliingia chumba cha binti yangu, akatazama ukuta wa nyuma ya kitanda ambako kuvu nyeusi ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa bega langu, akapiga picha mbili kwa simu. Kisha akanigeukia.

"Mnapika sana?"

Nikamwambia tunapika kama watu wanaokula.

"Vitu vya kuchemsha? Wali, mchuzi, vitu kama hivyo?"

Nikasema ndiyo, wali unachemshwa. Akaandika kitu. Akaniuliza kama naanika nguo ndani, nikamwambia tuko Januari, London, ghorofani juu ya duka, sina kibaraza, nianike wapi? Akaandika tena. Akanipa kijikaratasi chenye picha za dirisha lililofunguliwa na sufuria iliyofunikwa, akaniambia unyevu ule unatokana na namna tunavyoishi. Akashuka ngazi.

Binti yangu, ambaye ana miaka kumi na mitatu na alikuwa amelala sebuleni kwa wiki ya tatu kwa sababu ya kikohozi, aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mtu yule amesema nini. Nikamwambia amesema ni wali.

Yaliyofuata namlaumu mwalimu wangu wa sayansi.

Alitufundisha darasa la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali, Morogoro. Tulikuwa zaidi ya sabini, kitabu kimoja kwa madawati matatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kwa ajili ya sauti hiyo darasa lake ndilo lililokuwa tulivu kuliko yote. Ukipiga kelele ulikuwa husikii kitu, na hakuna aliyetaka kukosa. Maabara hatukuwa nayo. Yeye alikuwa na kikapu cha ukindu, na tulipomwona anavuka uwanja nacho tulianza kubishana ndani mna nini.

Siku moja alitoa kikombe cha bati na bonge la barafu alilolinunua kwa mama mmoja jirani na shule. Akaweka barafu kikombeni, akaongeza maji, akakiacha mezani. Baada ya muda nje ya kikombe pakatokea matone. Akauliza yametoka wapi. Mimi ndiye niliyesimama, nikasema kikombe kinavuja. Nilisema kwa uhakika kabisa, maana kilikuwa cha zamani na kimeshika kutu, na darasa zima likaniunga mkono.

Mwalimu mwingine angecheka, au angeandika jibu ubaoni tukalinakili. Yeye alisema, "Kinavuja. Sawa. Tutajuaje?"

Akaniita mbele, akanipa kichupa cha wino mwekundu, akaniambia nimimine kikombeni nikoroge. Akafuta kikombe kwa nje kikakauka, tukangoja. Matone yalirudi. Akanipa leso yake nyeupe nifute mwenyewe, kisha niinue darasa lione. Leso ilikuwa imelowa, na ilikuwa nyeupe vilevile.

"Sasa unasemaje?" akaniuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni watu wazima walikuwa wakiniuliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari. Yule alisimama pale na kichupa cha wino mkononi, akingoja, na alikuwa tayari kungoja hadi kengele ilie. Nikasema maji hayajatoka ndani. Akasema, "Basi yametoka wapi?" tukaanza upya.

Sikuwa mwanasayansi. Alama zangu za sekondari hazikunifikisha huko, na maisha yakanileta London, ambako kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikihudumia wazee majumbani mwao. Lakini swali lile halikunitoka, na halijanifanya nipendwe. Niliwahi kumhudumia bibi mmoja aliyeacha kula. Ofisi ikaandika kwamba ni usahaulifu unazidi. Nikauliza tunajuaje, nikamwomba bibi afungue kinywa, nikakuta meno yake ya bandia yamepasuka na yanamkata ufizi. Msimamizi alinishukuru. Wiki iliyofuata zamu zangu zikahamishiwa Croydon, saa moja na nusu kutoka nyumbani, na niliposhangaa mwenzangu mmoja akanishauri nijifunze kuandika tu kile kinachotakiwa.

Basi nilipobaki na kile kijikaratasi chenye picha ya sufuria, nilifanya nilivyofundishwa. Kama maji yanatokana na sisi, tukiacha kuyatoa ukuta utakauka. Nilinunua daftari na kipimo kidogo cha unyevunyevu. Nikabadilisha kitu kimoja kwa wakati, maana mwalimu alikuwa akisema ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichokujibu. Wiki ya kwanza sikuanika nguo ndani. Kila baada ya kazi nilibeba furushi hadi kwenye mashine za kufulia za barabara kuu, nikakaa pale na miguu inaniwaka. Wiki ya pili tulikula mikate na vitu vya kopo. Wiki ya tatu tulifungua dirisha la chumba kile mchana kutwa, hita ikiwaka na joto lote likitoka nje. Kuvu haikupungua. Ilipanda kidogo, na ilipanda baada ya siku za mvua.

Kisha nikakumbuka leso. Nilichukua karatasi ya foili ya jikoni, isiyopitisha maji, nikakausha kipande cha ukuta kwa kikaushio cha nywele, nikaibandika foili pale na kuizungushia selotepu pande zote nne. Kama unyevu ni pumzi zetu na wali wetu, maji yatatokea upande wa foili unaotazama chumba. Kama yanatoka ukutani, yatakuwa nyuma. Binti yangu alikuja kutazama, akauliza nafanya nini. Nikamweleza kwa Kiswahili. Akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kila siku, akasema, "Hilo ni jaribio zuri kabisa, Mama."

Baada ya siku tatu foili ilikuwa kavu kwa mbele. Tulipoibandua, maji yalitiririka kwa nyuma hadi kwenye ubao wa chini ya ukuta.

Nilifurahi kama mtoto. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Niliamini kazi imekwisha. Niliandika barua pepe ndefu, nikaambatisha picha, kurasa za daftari, na maelezo ya hatua kwa hatua: lengo, vifaa, matokeo, hitimisho, kama tulivyofundishwa. Baada ya siku tisa wakajibu kwa mistari mitatu. Walinishukuru kwa taarifa. Walinikumbusha kufungua madirisha. Wakaambatisha kile kijikaratasi.

Niliandika tena, nikapiga simu. Kila mara nilikutana na mtu mpya, mwenye adabu, ambaye hakuwa na habari ya foili. Mmoja aliniuliza kama nina utaalamu wa majengo. Nikasema sina. Akasema basi ni vigumu wao kuutegemea uchunguzi wangu. Nikamuuliza yule aliyekuja dakika nne alikuwa na utaalamu gani. Akasema hawezi kuzungumzia wafanyakazi wenzake.

Mwezi wa tatu, katika kundi la simu la tuliosoma pamoja, mtu aliandika kwamba mwalimu yu hai, amestaafu, anaishi Dodoma kwa mwanawe. Akatoa namba. Nilikaa nayo wiki nzima. Jumapili moja mchana, baada ya ibada, nikapiga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja jina, mwaka, darasa, nikamwambia mimi ndiye niliyesema kikombe kinavuja. Nikamsimulia habari ya barafu, wino, leso.

"Nilikuwa nafanya majaribio mengi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Na watoto walikuwa wengi, mwanangu. Nisikudanganye, sikukumbuki."

Iliniuma, sitaficha. Miaka thelathini nimembeba mtu ambaye hakuwa na habari kwamba amebebwa. Lakini nilikuwa nimeshapiga, na hasira zilikuwa zimenijaa, nikamwambia yote: ukuta, kikohozi, mikate ya wiki nzima, foili, ajenti. Nadhani nilipandisha sauti. Nikamwambia, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba mtu akionyeshwa ataona. Hawa nimewaonyesha. Hawataki kuona. Hukutufundisha tufanye nini hapo."

Hakukasirika. Alikohoa kidogo, akasema, "Sikufundisha kwa sababu na mimi sikujua. Niliomba maabara miaka kumi na moja. Nilikuwa na sababu nzuri zote, nimeziandika. Waliniambia subiri." Kisha, kama mtu anayesahihisha daftari, akauliza, "Huo ukuta, kwa nje ukoje?"

"Kwa nje?"

"Umesema maji yanatoka ukutani. Ukutani yameingiaje?"

Miezi miwili nilikuwa nimepima chumba kwa ndani, nimeandika hadi joto la saa kumi na mbili asubuhi, na sikuwahi kuuona ukuta ule kwa upande wa pili. Unatazama uani mwa duka la chini, na ua hufungwa kwa kufuli. Nilimwambia hivyo.

"Basi kaombe ufunguo," akasema.

Chini yetu ni duka la masufuria na vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, anakaa Rayners Lane, pembezoni mwa London, na huja kila siku kwa treni. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili tangu tuhamie, habari za asubuhi, baridi leo, basi. Jumatatu nilikwenda na binti yangu kumwomba atufungulie. Alitupeleka uani bila kuuliza kitu. Tukatazama juu. Bomba linaloteremsha maji ya mvua kutoka paani lilikuwa limekatika katikati, na chini ya mkato ukuta ulikuwa wa kijani kibichi, mstari mpana wa ukoga wa maji unaoshuka moja kwa moja hadi nyuma ya kitanda cha mwanangu.

"Hiyo bomba imevunjika tangu mwaka juzi, mama," mzee akasema. "Mimi nimeambia wao mara tatu. Hakuna mtu anasikia."

Mwaka juzi. Nilikuwa nikipita mbele ya duka lake mara mbili kwa siku. Binti yangu alinitazama, kisha akatoa simu akalipiga bomba picha.

Nilidhani picha ya bomba itamaliza ubishi, kwa kuwa bomba lililokatika linaonekana hata na asiyetaka. Ajenti akajibu haraka safari hii: bomba si jukumu la mwenye flati anayetupangisha, ni la mwenye jengo zima. Mwenye jengo ana ajenti wake. Yule naye akasema lazima ombi litoke kwa ajenti wa kwanza. Nikaiandikia kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Mzee wa duka akaandika pia, na binti yangu akamsahihishia barua yake palepale kaunta. Kaunsili ilimtuma mwanamke mmoja, akapanda, akauweka mkono wake ukutani, akaniomba daftari. Alilisoma akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ukurasa kwa ukurasa. Akauliza kama anaweza kuupiga picha ukurasa ule wa foili. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta vikombe, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Bomba lilitengenezwa mwezi wa tano. Siku mbili baadaye alikuja fundi rangi. Nikamwambia ukuta bado umelowa, asubiri ukauke. Akasema ameambiwa apake leo. Akapaka. Wiki tatu baadaye rangi ikavimba ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, ikabidi arudi kupaka upya mwezi wa nane. Sasa ukuta ni mkavu. Kikohozi kimepungua, na binti yangu amerudi chumbani kwake na kubandika picha zake.

Nilimpigia mwalimu kumwambia. Mwanawe akapokea, akasema mama anaumwa kidogo, amelala, atamfikishia salamu. Sijui kama alimfikishia.

Kisha ikaja barua ya ajenti ya kufunga malalamiko. Ilisema tatizo la unyevu limekwisha baada ya mpangaji kuboresha namna anavyoingiza hewa nyumbani. Bomba halikutajwa. Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama mlangoni na koti langu mwilini, nikausoma tena. Nikajibu usiku uleule kwamba si kweli, na nikaomba wairekebishe. Wakasema faili limefungwa. Nikaandika tena. Mpaka leo nimeandika mara nne.

"Mama, ukuta umekauka," binti yangu aliniambia juzi, kwa Kiingereza, aliponiona nimefungua kompyuta. "Unataka nini tena kwao?"

Nikamwambia nataka waandike kilichotokea.

Akasimama nyuma yangu akasoma nilichokuwa nimeandika. Akasema aya ya pili ni ndefu mno, hakuna atakayeisoma, akavuta kiti.