Nyasi Iliyosimama

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa chifu nikingoja barua. Mbele yangu, mzee mmoja mfugaji alikuwa akiwashtaki akina mama wa kanisa lake.

"Wamekuibia?" karani akauliza.

"Hapana. Wamenifyekea nyasi."

"Wakaenda nayo?"

"Wameipanga vizuri kando ya zizi."

Karani akaweka kalamu chini.

Mzee akagawa meza mafungu manne kwa kidole, kama shamba lake la malisho. Ng'ombe wake wanakula fungu moja, mengine yanapumzika mpaka nyasi ifike magotini na udongo upate nguvu. Lakini akina mama hao, majirani zake, ambao nyasi yao haijawahi kufunika kwato, waliona yake imesimama tu, wakajua mwenyewe yuko kitandani hajiwezi. Wakaja na miundu wakiimba.

"Si ungewaambia uko mzima?"

"Nilikuwa nimeenda soko ya Roret. Kurudi, nikawakuta wananiombea. Waliponiona natembea, wakapiga vigelegele, ati Mungu amejibu."

Karani akamtazama sana. "Sasa mzee, ukishtaki hawa, utazikwa na nani?"

Mzee akavaa kofia, akatoka. Mimi nami sikungoja barua. Nilikimbia nyumbani kufyeka nyasi ya mlangoni, kabla hawajaja kuniponya.