Kofia Imekaa Vibaya

Kwa siku tatu pale kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mwandishi aliikosoa filamu ya maisha yake ikipigwa, akifuta miwani kwa pindo la kitenge kila alipokasirika. Mchimbaji kijana aliyeigiza kama baba wa mwandishi alikaa vibaya, alikohoa vibaya, hata kofia aliivaa vibaya. Baba mwenyewe, mchimbaji pia, alizikwa mwandishi, bintiye, akiwa hajamsalimu kwa miaka kumi.

Siku ya nne kijana akatoka shimoni amejaa vumbi, akakohoa. Mwandishi akajikuta amepiga magoti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu,” kijana akaitika haraka, akihofia kukosolewa tena.

Mwongozaji akaruka. “Safi sana! Rudia, mama, kamera ilikuwa haijawashwa.”

Mwandishi akainuka, akafuta miwani.

“Kofia bado imekaa vibaya,” alisema. Akaenda kuiweka sawa, kisha akaiweka sawa tena.