Swichi Mbili za Baghdadiyah

Katika nyumba zangu za kupangisha, swichi ya hita ya maji haiko mlangoni mwa bafu pamoja na ya taa. Iko juu, karibu na dari, upande wa pili wa korido. Wapangaji wafupi huilalamikia. Mama mmoja mwalimu aliniuliza kama fundi wangu alikuwa amelewa. Nikamwambia fundi ni mimi. Nyumba hizo nimezijenga mimi, mtu aliyeacha shule darasa la sita, na kila waya uliomo niliuvuta kwa mikono hii au nilimsimamia aliyeuvuta. Swichi ile najua kwa nini iko pale. Niliilipia kwa jino.

Nilikuwa Saudia, dereva wa nyumbani. Miaka ya kwanza nilikuwa Riyadh, naendesha gari la familia moja ya mtaa wa Naseem. Hawakuwa na chumba cha dereva, kwa hiyo nililala mtaa wa Batha, wanaume watano chumba kimoja cha kupanga. Watu hudhani kule ni joto tupu. Januari ya Riyadh inapasua midomo. Umeme wa pale haukuweza kubeba hita ya maji na jiko kwa pamoja. Ukiwasha vyote, giza. Jamaa mmoja alizoea kuzima hita akaange mayai, nami niko bafuni na sabuni machoni. Mara ya tatu nilitoka na sabuni yangu nikambandika kiganja kwenye koili ya jiko lake. Alipiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta. Wengine wataniona mkatili. Mimi nilioga maji moto mpaka Machi.

Halafu kafili wangu, yule mwajiri anayeshika kibali changu, akanituma Jeddah nimwendeshee dada yake, madam wangu mpya. Nikapata kitanda mtaa wa Baghdadiyah, nyumba ya vyumba viwili, watu sita, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa mkubwa wa nyumba. Hakuna aliyenichagua. Nina sauti na nina mkono.

Sasa, kama huijui Jeddah ya Agosti, nikueleze. Tangi kubwa la maji liko juu ya paa, juani. Ikifika saa sita mchana, maji ya mfereji wa kawaida hayashikiki. Kwa hiyo kiangazi chote watu huzima hita ya bafuni. Tangi lake dogo liko ndani, kivulini, na maji yaliyolala humo tangu usiku hubaki baridi. Mchana unafungua ule mfereji wenye alama nyekundu, ndio unaokuponya. Lakini ni ndoo nne, tano hivi, basi. Zikiisha, maji ya paa yameingia na raha imekwisha.

Vita vyetu vilikuwa hapo. Kulikuwa na mlinzi, Mkenya mwenzangu kutoka magharibi, aliyelinda ghala usiku na kulala mchana. Akiamka alichota ndoo mbili. Nilimwambia iwe moja.

"Bwana mwenye nyumba," akasema, "title deed umeficha wapi tuione?"

"Chota ya pili utaniona."

"Nakuona kila siku, mzee. Hakuna kipya. Iko siku hii hita itakufundisha maji ni ya nani."

Maneno hayo niliyaweka.

Alhamisi moja nilirudi saa tisa mchana, shati limeniganda mgongoni. Mlinzi alikuwa bado amelala. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nikaingia bafuni, nikasimama chini ya shawa, nikafungua nyekundu yote. Yalikuwa maji ya kunyonyolea kuku. Ngozi ya bega hili la kushoto ilitoka na mkono wangu nilipojifuta. Kumbe hita ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, na kataa kake kekundu ka ishara kaliungua zamani, huwezi kujua kwa macho.

Sikuuliza mtu. Nilitoka na taulo, nikashika ile ndoo ya bati, nikampiga mlinzi nayo usingizini. Ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili alijikinga, nikasikia mfupa wa mkono ukilia. Nikamvuta kwa mguu akaanguka chini, nikampanda kifuani nikaendelea kwa ngumi. Alinishika koo mara moja tu, akaniachia, damu ilikuwa inamziba.

Tulikuwa na mpishi mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akivaa viatu aende mkahawani kwake. Alinirukia mgongoni, palepale palipoungua.

"Muachie! Muachie, we! Utaua mtu wa watu kwa ndoo ya maji?"

Maumivu ndiyo yaliyoniangusha, si yeye.

Meno mawili yalikuwa juu ya mkeka. Mpishi akayaokota, akayatia kwenye kikombe, akasema, "Huyu apelekwe hospitali."

"Hospitali watauliza nani amempiga," nikasema.

Nyumba nzima ilijua nina nini cha kupoteza. Jumapili nilikuwa nahamia kafili mpya, mwenye malori ya Jeddah na Riyadh. Nilikuwa nimengoja karatasi hizo miaka miwili. Lori ndilo lingenitoa kwenye kubeba watoto na mifuko ya madam. Kesi moja ya polisi, na ningepandishwa ndege na nguo nilizovaa.

Mlinzi aliketi akiegemea kitanda, kitambaa mdomoni. Alinielewa vizuri sana.

"Unaogopa," akasema.

"Sijawahi kuogopa mtu."

"Unaogopa karatasi." Akatema damu kwenye kitambaa. "Mimi sijawasha hiyo hita. Kazini nitasema nimeteleza bafuni. Lakini aliyewasha, umtafute. Ukimpata umpige vile umenipiga, na mimi nikiona. Ukikosa kumpata kabla ya Jumapili, naenda polisi na meno yangu kwenye kikombe."

"Nitampata."

"Kwa jina la mama yako?"

"La mama yangu."

Nilimtafuta kweli. Wale wenzetu wengine watatu niliwabana mmoja mmoja ukutani. Mpishi nilimkunja kola.

"Kaka, mie nshaapa mara tatu," akasema. "Ukitaka nipige tu, lakini swichi sijaigusa. Sote twajua kuoga humu ndani. Nani atajichemshia maji Agosti?"

Jumamosi niliamka alfajiri kama kawaida, nikiwa na usingizi, nikanyoosha mkono mlangoni mwa bafu. Nikabonyeza. Taa haikuwaka. Nikabonyeza ya pili, ikawaka.

Kule Batha, kati ya swichi mbili za mlangoni, ya nje ilikuwa ya taa. Hapa Baghdadiyah ya nje ni ya hita. Kidole changu gumba kilikuwa bado kinaishi Riyadh. Siku nyingine nilikuwa nakumbuka kurudisha. Alhamisi sikukumbuka.

Hakuna aliyeniona. Ningezima na kwenda zangu, nimtaje yeyote kati ya wale watatu. Mkubwa wa nyumba ni mimi, ningeaminiwa. Niliketi juu ya ndoo nikalifikiria hilo, siwezi kudanganya. Lakini nilikuwa nimetaja mama yangu, na mimi neno langu ndilo shule yangu. Nikampigia madam simu kwamba nitachelewa, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi.

Mlinzi alirudi saa moja, uso umevimba kama andazi. Mpishi alikuwa anakunywa chai.

"Nimempata," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

Alidhani namchezea. Nikampeleka mlangoni, nikamwonyesha kidole na swichi.

"Ulinipiga ngapi?" akauliza.

"Sikuhesabu."

"Hata mimi. Nilikuwa nimelala." Akaonyesha kitanda chake. "Basi lala."

Nikalala. Mimi, niliyemchoma mtu kiganja, nikalala chali kitandani mwa mlinzi.

"Funga macho. Mimi nilikuwa nimefunga."

Nikafunga. Nilisikia bati la ndoo likikwaruza sakafu. Nilisikia mpishi akienda kusimama mlangoni, na safari hii hakusema muachie. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko maji. Halafu ikaja, mdomoni, na nyingine shavuni, na ya tatu juu ya bega lililoungua, nikapiga yowe nikisikia sauti yangu kama ya yule wa mayai. Mikono niliishikilia chini ya mapaja. Jino liligonga kaakaa, nikalitema.

"Halas," mlinzi akasema, akihema. Akaitupa ndoo, akaenda kuzima hita.

Jumapili nilifika ofisini kwa kafili mpya mapema kuliko watu wote. Aliniangalia uso, akauliza nimepatwa na nini.

"Nimeteleza bafuni, bosi."

Akacheka, akasema Wakenya hatujui kuoga. Asubuhi hiyo rafiki yake mwenye ghala alikuwa amemhadithia habari za mlinzi wake, kisa kilekile. Nikacheka naye, mdomo umefungwa, huku anapitisha karatasi zangu.