Njia Niliyoichora Bondeni

Nimekwenda Mtopeni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mimi ni bwana shamba, kazi yangu ni kuzunguka vijijini, na njia ya kutoka Kibiti kwenda huko naijua hata nikiwa nasinzia. Safari ninayoisimulia hapa ni moja tu kati ya hizo, ila hakuna nyingine niliyowahi kuiogopa hivi. Nilikuwa nakwenda kwenye arobaini ya Mwanahawa, na nilikuwa na maneno ya kumwambia mumewe, maneno niliyopaswa kuyasema siku ya maziko.

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa. Mtopeni ina njia mbili. Njia ya juu inazunguka kwenye mchanga na mikorosho. Ni ndefu, inachosha, lakini inapitika mwaka mzima. Njia ya bonde inakata moja kwa moja na kupunguza nusu ya mzunguko huo, ila hiyo ni ya kiangazi peke yake. Masika mto ukifurika bonde lote linakuwa maji, na maji yakipungua watu hupanda humo mahindi ya mlau, yanayoota kwa unyevu wa mafuriko, hata juu ya njia yenyewe. Kiangazi kilichopita tulipewa mafunzo ya kuchora njia za vijijini kwenye ramani ya simu, ile inayowaelekeza madereva. Nikaichora njia ya bonde kwa mbwembwe zote, ili dereva wa lori la mbegu asinipigie simu kila mara kuuliza apite wapi. Palikuwa na nafasi ya kuandika maelezo. Maneno matatu yangetosha: hupitika kiangazi tu. Nikaiacha nafasi wazi. Nani asiyejua, nilijisemea.

Masika yakaja. Shomari na mkewe Mwanahawa wakatoka Dar es Salaam na gari lao dogo, wanakwenda kumtazama mama yake Mwanahawa aliyekuwa anaumwa mguu. Wote wawili ni wazaliwa wa Mtopeni. Simu ikawaelekeza bondeni, nao wakaingia. Gari likazimika majini, wakatoka, mkondo ukawazidi nguvu. Shomari alishika mti. Mwanahawa hakupata cha kushika, akaonekana kesho yake asubuhi. Msibani watu waliilaani simu, kila mtu kwa maneno yake, nami nilikuwa nimekaa jamvini pamoja nao. Nikawa naitikia kwa kichwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa tayari kuondoka Kibiti. Shemeji yangu alikuwa ameniazima gari lake, na nyuma nilipakia gunia la mchele kwa ajili ya khitma. Mke wangu alijua ninakwenda kusema nini.

"Watakufukuza," alisema.

"Wakinifukuza nitarudi nyumbani."

"Na wakikupiga?"

Akaniwekea chapati kwenye mfuko, akasimama mlangoni mpaka nilipoondoka.

Kabla ya kukanyaga mafuta nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Niliiweka simu mbele yangu kwenye dashibodi, nikaitaka inipeleke Mtopeni. Mtu wa Kibiti kuwasha ramani ili aende Mtopeni ni sawa na kuomba aelekezwe jikoni kwake. Lakini siku mbili baada ya maziko nilikuwa nimetuma maombi ile njia ifutwe, nikajibiwa kwamba yanashughulikiwa. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu kama imefutwa, na kama bado, nilitaka kusikia alichokisikia Shomari.

Mahege nilisimama kuongeza upepo kwenye gurudumu la nyuma. Fundi wa pale tunafahamiana siku nyingi, na hakuna siku tunayoonana asinitanie, kwa sababu yeye ni Mndengereko na mimi ni Mmatumbi. Alichungulia dirishani, akasikia simu ikisema niendelee moja kwa moja, akacheka.

"Nyie watu wa milimani nyie! Miaka yote hiyo hapa bado mnaelekezwa?"

Siku nyingine ningemjibu kitu cha kumkera mpaka jioni. Siku hiyo nilimwambia tu nakwenda kwenye arobaini Mtopeni. Uso wake ukabadilika.

"Ya yule mama aliyeuliwa na simu?"

"Ya Mwanahawa," nikasema.

Kutoka hapo mpaka Ruaruke sikuona chochote cha kusimulia. Najua mikorosho ilikuwepo, na minazi, na watu kando ya barabara wakinipungia mkono, maana gari la shemeji linajulikana. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nikianza na pole, nakwama. Nikianza na samahani, nakwama vilevile. Kuna sentensi moja niliyoitunga nikaiona nzuri sana, ndefu, yenye Mungu mara mbili ndani yake, na nilipoirudia kwa sauti niliona haya peke yangu garini.

Ilikuwa saa tatu na nusu nilipokaribia njia panda.

"Baada ya mita mia mbili, pinda kulia," ilisema simu.

Kulia ndiko bondeni. Siku arobaini zimepita, mtu ameshaoza ardhini, na dada wa kwenye simu bado anawaelekeza watu kule kwa adabu zake zote. Nilisimamisha gari. Wanakijiji walikuwa wamelaza gogo kuziba njia, na nyuma ya gogo maji yalishapungua, tope jeusi linang'aa, na mama mmoja alikuwa anapanda mahindi mahali pale pale ambapo kiangazi nilipita na pikipiki kuichora njia, nikiwa nimeshika simu juu kama kibatari.

"Huku hakupitiki, baba," aliniambia, bila kuinua mgongo.

"Naona, mama. Asante."

"Pinda kulia," ilisema simu. Nikangoja. "Pinda kulia." Nilipoingia njia ya juu ikanitaka nigeuze gari panapowezekana. Ikanitaka tena. Nilikuwa nimeshakwenda mbali kwenye mchanga ndipo ilipokubali.

Mtopeni nilifika saa tano, khitma haijaanza. Nilimsalimia kwanza mama yake marehemu, Bibi Mwanaidi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mguu mbovu ameunyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetukumbuka, Mungu akuzidishie. Njiani salama?"

"Salama."

Shomari alikuwa mbele na wanaume. Zamani alikuwa mtu mnene, wa vicheko. Nilimkuta amekonda, kanzu inamning'inia. Tulisoma, tukaomba dua, tukala. Nilimeza matonge matatu. Watu walipoanza kuaga nikamshika mkono, tukasimama kando ya gari la shemeji, na ile sentensi yangu nzuri ikatoweka yote.

"Ile njia ya bonde kwenye simu," nikamwambia, "niliichora mimi."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza mafunzo, lori la mbegu, mahali pa maelezo nilipopaacha wazi. Nikamweleza kwamba siku ya maziko nilikaa kimya kwa woga. Alikuwa anaangalia mikono yangu wakati wote ninaongea.

"Kumbe ina mwenyewe," alisema mwisho.

"Ina mwenyewe."

Nilingoja anipige. Naapa ningeshukuru. Badala yake aliegemea gari, akauliza kama mama mkwe wake anajua, nikasema bado. Akafikiri kidogo.

"Twende ukamwambie. Nami nitakuwepo."

Tukamkuta Bibi Mwanaidi palepale mkekani. Pembeni yake alikuwepo Asia, binti mkubwa wa Shomari na marehemu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekwisha kuchumbiwa, anasuuza vikombe. Nikapiga magoti nikarudia yote, nikaomba radhi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Njia ile nimeipita tangu sijavunja ungo," alisema. "Hujaichora wewe."

"Nimeiweka mbele ya watu wasioijua, mama."

"Shomari anaijua."

Hakulisema kwa kumlaumu. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Lakini baada ya hapo Asia akaacha vikombe, na Shomari akakaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe.

"Naijua, mama," alisema. "Mjini nimeendesha abiria kwa simu miaka sita. Kila nilipobishana nayo nilikwama kwenye foleni, nikajuta. Mpaka nikawa naiwasha hata nikienda dukani. Siku ile iliponambia nipinde, nikadhani njia ya juu imekatika, simu imejua jambo nisilolijua mie. Nikaiamini kuliko macho yangu."

Bibi alimgeukia.

"Na Mwanahawa alinambia," Shomari akaendelea. "Sijamwambia mtu hili. Alinambia, Baba Asia, si bora tupite juu. Nikamwambia simu inaona mbali. Basi, hakusema tena. Yule wa kwenye simu alisema mara tatu, mama. Mwenzangu alisema mara moja."

Nilitamani niwe mahali pengine popote. Nilikuja kutua mzigo wangu, na sasa nilikuwa nimemvuta mtu atue wake mbele ya mama mzazi wa marehemu na mbele ya mwanawe. Asia alikuwa anamtazama baba yake kwa jicho ambalo sitaki kulielezea.

"Alisema kwa sauti gani?" aliuliza Bibi.

"Ya kawaida tu. Kama anayenikumbusha chumvi."

Bibi Mwanaidi akawa anausugua mguu wake mbovu kwa kiganja, taratibu, kutoka gotini kwenda chini.

"Hakurudia kwa sababu nilimfunda mie," alisema. "Alipokuwa mwali ndani nilimwambia, mume haambiwi mara mbili. Mara ya kwanza shauri, mara ya pili ugomvi. Mwanangu alikuwa msikivu. Watu wote walinisifu kwa hilo, siku ya harusi yake walinisifu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mtu mzima, nimepiga magoti mchangani. Kisha akamwita mjukuu wake asogee, Asia akasogea na mikono yake yenye maji.

"Wewe nawe walikufunda hivyo hivyo, na walionifunda mie ndivyo walivyofundwa. Sasa nisikie. Ukiona jambo, sema. Asiposikia, sema tena. Sema na ya tatu. Akikasirika, mwambie asimamishe, ushuke utembee."

"Ndiyo, bibi."

"Usiseme ndiyo kwa adabu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Shomari alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Bibi hakumgusa na hakumfukuza. Alimwambia ainuke, kanzu inachafuka, wageni wanaaga. Mimi aliniambia nikaifute ile njia, na kama haifutiki, nikae pale njia panda mwenyewe masika yajayo na bendera. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Radhi hakunitamkia, nami sikuthubutu kuiomba mara ya pili.

Saa tisa alasiri nilianza kurudi. Asia aliomba nimfikishe Kibiti akapande basi la Dar es Salaam, na alikaa mbele kando yangu, mkoba mapajani. Simu nilikuwa nimeizima na kuitia mfukoni. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na nilidhani methali hiyo ingenitosha kuwa fundisho la safari nzima. Hainitoshi. Simu ilisema nilichoiambia mimi. Aliyejua ukweli, Mwanahawa, alikuwa ndani ya gari, amekaa kiti cha pili, na sisi wote kwa namna zetu tulikuwa tumeshampimia aseme mara moja tu. Nimeomba ruhusa ya wenyewe kabla ya kuyaandika haya, na wameniruhusu.

Tulikuwa kwenye kilima cha mchanga cha njia ya juu, katikati ya mikorosho, gari linanguruma kwa kuzidiwa.

"Mjomba," alisema Asia, "taa nyekundu inawaka hapo."

Taa hiyo naijua, ni ya joto la injini. Gari la shemeji lina ugonjwa huo mwaka mzima, inawaka hata injini ikiwa baridi. Nikamwambia ni kawaida yake, asijali, nikaongeza mafuta. Tukaenda kidogo. Niliona kwa pembe ya jicho vidole vyake vikikaza mkoba.

"Mjomba, bado inawaka."

Sauti ilimtetemeka, kama ya mtu anayevunja chombo cha watu kwa makusudi. Nikasimamisha gari pale pale kilimani. Nikashuka, nikafunua boneti, nikangoja injini ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Maji yalikuwepo, yamejaa. Hakukuwa na kitu. Asia naye alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu.

"Samahani, mjomba. Nimekuchelewesha."

"Usiombe samahani, mwanangu," nikamwambia, na nikamwonyesha rejeta, aangalie mwenyewe mpaka aridhike, ndipo tukaondoka.