Mpimaji wa Dhiki Aliyehesabu Ng'ombe Wake Katika Zizi la Shemeji

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumanne, Agosti 23, 1983, jiwe lililofungwa mwisho wa kamba linagusa maji kwenye kina cha mita nne na sentimita kumi. Bartholomeo Mabula analivuta juu, anahesabu mafundo na kuandika. Kisha anarudia. Kamba inatoa jibu lilelile.

Ni mara ya tatu mwaka huu anapima shimo hili, lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka nje ya kijiji cha Mwashilinde, saa mbili kwa baiskeli kutoka Kharumwa. Mara zote tatu tofauti haikuzidi upana wa kiganja.

"Shimo halina kosa," anasema. "Kosa lipo, ila sijui liko wapi."

Nyuma yake wanawake kumi na tisa wamepanga foleni na ndoo zao. Wa kwanza alifika saa tisa usiku. Mbele ya foleni yuko Scolastika Kulwa, mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

"Mwangaluka, karani," anamsalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Shija."

"Umekuja kupima utajiri wetu tena?"

Wanawake wanacheka. Mabula hacheki.

"Tumesomewa karatasi kwamba sisi tuna nafuu," anaendelea Scolastika. "Nikamwambia mume wangu, mwenzangu, kumbe sisi matajiri na hukuniambia. Akaanza kutafuta chini ya kitanda."

Mabula, mwenye umri wa miaka 43 na baba wa watoto watano, ni mmoja wa wapimaji wanne wa mradi wa visima wenye ofisi ndogo Kambarage, mjini Shinyanga. Mradi una uwezo wa kuchimba visima kumi na viwili. Vijiji vilivyoomba ni arobaini na sita. Kazi ya wapimaji ni kukipa kila kijiji alama za dhiki, ili kumi na viwili vyenye alama nyingi vipate maji.

Alama ni mia moja. Umbali wa maji una alama arobaini, ubora wa maji ishirini, akiba ya chakula ishirini, na mali ya kaya ishirini. Mwenye mali chache hupata alama nyingi.

Umbali Mabula huupima kwa baiskeli. Amefunga kitambaa chekundu kwenye tairi la mbele, na kila kinapopita chini anahesabu mzunguko mmoja, mita mbili na sentimita ishirini. Kutoka shimoni hadi nyumba ya kwanza ya Mwashilinde ni mizunguko 1,540, yaani kilomita tatu na mita mia tatu tisini hivi. Ubora wa maji huupima kwa chupa nyeupe na ulimi wake mwenyewe. Maji ya hapa yana rangi ya kijivu, kwa sababu juu ya mto wachimbaji wadogo wa dhahabu huosha mchanga kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo marefu ya kufuata mwamba.

Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi 840 kwa mwezi. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani ya pamba, hadi vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976.

"Kwenye pamba nilijifunza kitu kimoja," anasema. "Mkulima akilalamika, usibishane naye. Pima tena."

Ndivyo alivyofanya. Orodha ya awali iliposomwa mwezi Juni, Mwashilinde ilipata alama 67: umbali 36, ubora wa maji 17, chakula 14, mali sifuri. Kijiji cha mwisho kuingia katika vile kumi na viwili kilikuwa na alama 74. Mwashilinde ikabaki nje.

Alipima tena mwezi Julai. Zikatoka 67. Alimpelekea seremala kamba yake ilinganishwe na futi yake. Ilikuwa sahihi. Alizungusha tairi la baiskeli juu ya sakafu ya saruji ya ofisi na kupima mzunguko upya. Ulikuwa sahihi pia.

Sifuri ya mali ilitokana na ng'ombe. Kanuni inasema kijiji chenye wastani wa ng'ombe watano au zaidi kwa kaya hakipati alama yoyote ya mali. Chenye wastani wa kuanzia wawili lakini usiofika watano hupata kumi, na cha chini ya wawili hupata zote ishirini. Mwashilinde ina kaya 112. Ng'ombe waliohesabiwa Juni walikuwa karibu 900, wastani wa wanane kwa kila kaya.

"Niliwaona kwa macho yangu," anasema Mabula. "Halafu naingia ndani, naona watoto wanakunywa uji wa mtama bila maziwa mwezi Juni. Nikawa naangalia zizi, naangalia chungu. Vitu viwili hivi havikai nyumba moja. Lakini vilikaa."

Saa moja na nusu asubuhi hiyo ya Jumanne, anaingia kwenye ua wa Ngassa, kaka wa mkewe. Mwongozo wa mradi unataka ng'ombe wahesabiwe zizini kabla hawajafunguliwa, na Ngassa amewazuia kwa ajili yake. Mabula anahesabu kwa kidole. Fomu ya Julai inasema 17.

Mke wa Ngassa, Mama Mbuke, anatoka jikoni akifuta mikono.

"Shemeji, umemwona? Yule mwekundu wako amezaa. Dume."

"Lini?"

"Juzi. Tulisema tukutumie habari, tukakumbuka utakuja na vikaratasi vyako."

Mabula anatabasamu. Anafuta 17 kwenye mstari wenye jina la Ngassa na kuandika 18. Kisha kalamu inasimama.

"Shemeji, umeona nini?" anauliza Ngassa.

"Nimemwandika ndama wangu kwako."

"Sasa ungemwandika wapi? Si yuko kwangu?"

Katika zizi lile ng'ombe saba ni wa Mabula: sita wa tangu mwaka 1980, na ndama. Kumi ni wa mtu mwingine. Wa Ngassa ni mmoja.

Usukumani, mwenye ng'ombe hawaweki wote mahali pamoja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Mtunzaji hunywa maziwa wakati wa masika na mara moja moja hupewa ndama. Naye akiulizwa na mgeni ng'ombe ni wa nani, husema ni wake. Kumtaja mwenyewe ni kumwanika kwa wenye wivu na kwa watoza kodi.

Mabula amekua na desturi hiyo. Amehesabu ng'ombe wake mwenyewe mara tatu kwa jina la shemeji yake.

"Nilijua ni wangu," anasema. "Fomu haikuuliza ni wa nani. Na ingeuliza, Ngassa angesema wake, nami ningeandika wake. Ndivyo inavyosemwa. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilikuwa sifikiri."

Ngassa haoni tatizo. "Ukiuliza watu hapa ng'ombe ni wa nani, utapata kesi, hupati jibu," anasema.

Siku ya pili, Jumatano, Mabula anaomba mkutano wa kijiji. Anawaeleza hesabu: ng'ombe wa watu wengine ndio wamewanyima kisima. Anauliza nani anatunza ng'ombe wasio wake. Kisha anaanza yeye mwenyewe.

"Saba walio kwa Ngassa ni wangu," anasema.

Kisha mzee mmoja anauliza, "Karani, umekunywa?"

Watu wanacheka, na Scolastika anasimama. "Andika idadi ya walio wangu. Wawili. Wale tisa wengine usiniulize jina la mtu, sitakutajia."

Hadi saa kumi jioni kaya zote 112 zimetaja idadi ya ng'ombe wao halisi. Jumla ni 213, wastani usiofika wawili. Alama za mali zinakuwa ishirini. Mwashilinde inafikisha 87 na kuingia nafasi ya nne.

Hakuna jina hata moja la mwenye ng'ombe lililotajwa, isipokuwa la Mabula. Alhamisi alikwenda Kharumwa kwa mfanyabiashara Zakir, anayesemekana kuwa na ng'ombe Mwashilinde, kumwomba athibitishe. Tangu msako wa walanguzi uanze mwezi Machi, wenye mali hawapendi iandikwe popote.

"Bwana Mabula, mwaka huu usiniulize hata nina mashati mangapi," alisema Zakir, akamwagizia chai.

Limebaki jambo moja ambalo Mabula analieleza polepole zaidi kuliko mengine. Kijiji cha kumi na mbili, chenye alama 74, ni Ibambala, njia ya kwenda Segese. Ndiko anakoishi. Kilipimwa na mwenzake, Generosa, kwa kuwa mpimaji haruhusiwi kupima kwao. Generosa alifika kwa Mabula akakuta zizi tupu, akaandika ng'ombe sifuri, na kwa kanuni hakukosea. Mwashilinde ikipanda, Ibambala inakuwa ya kumi na tatu.

Mkewe, Klara, hutembea karibu kilomita tatu kufuata maji. Alipoelezwa usiku wa Alhamisi aliuliza swali moja tu: "Na wakishaandikwa wako, hao ng'ombe watatuletea maji?"

"Nilimwambia sijui," anasema Mabula. "Na kweli sijui. Kama Mwashilinde ng'ombe wana wenyewe kwingine, basi na vijiji vingine ni hivyohivyo. Labda Ibambala ni ya ishirini. Labda ni ya tano. Nimepima miaka minne na leo siwezi kukwambia kijiji gani ni maskini kuliko kingine."

Anachotaka ni kurudi katika vijiji vyote arobaini na sita akiwa na swali jipya: wangapi kati ya hawa ni wako. Anakadiria wiki tisa. Mradi haujajibu ombi hilo.

Ijumaa, Agosti 26, saa nne asubuhi, alikabidhi fomu mpya ofisini Kambarage. Katibu wa mradi, Eustace Rugaimukamu, aliisoma yote, akasema idadi bila mwenye mali hata mmoja anayekiri kwa maandishi ni maneno matupu. Alitaka walau sahihi moja ya mwenye ng'ombe.

Fomu ina nafasi ya sahihi ya mpimaji. Ya mwenye ng'ombe haikuwapo. Katibu aliichora chini ya ukurasa kwa rula na kalamu nyekundu, akamsogezea.

Saa nne na dakika ishirini na tano Bartholomeo Mabula alitia sahihi katika nafasi ya kwanza, kisha katika nafasi ya pili.