Kingamvua ya Vasanti

Vasanti alikuwa na mikono ya dhahabu, na anayebisha ajaribu mwenyewe kuvisha mwavuli kitambaa. Alifika London mwaka 1968 kutoka Tanga, mjane, akafikia kwa shemeji yake. Karakana moja ya miavuli karibu na Edgware Road ikamchukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Akishindwa, ni kurudi kula chakula cha masimango kwa shemeji.

Wiki ya nne, tajiri wa karakana akiwa ametoka, Vasanti alikuta mwavuli uliochanika, umefungwa kikaratasi: “Parapluie. Kitambaa kipya, kizuri.”

“Neno gani hili, shoga?” alimuuliza Mwanamwema, Mzanzibari aliyekuwa akishona naye.

“Si jina la mwenyewe! Madamu Parapluie.”

Basi Vasanti akamvisha Madamu hariri nyeupe, nyepesi, yenye marinda pembeni. Kwao Tanga mwavuli wa bibi ulikuwa wa jua; neno mwavuli lenyewe si linatokana na kivuli? Mwanamwema naye hakuona kosa.

Mwenye mwavuli, bibi wa Kifaransa, alikuja siku ya mvua. Akaufungua mlangoni, akatembea hatua tatu, akarudi nywele zinachuruzika maji. Tajiri alipandwa na hasira.

“Kesho usije,” akamwambia Vasanti.

Yule bibi ndiye aliyecheka. Akaeleza kwamba wazee wake walikuwa na parasol, yaani kinga ya jua, mvua ilipowachosha wakaunda neno jipya kwa mfano huohuo: para, kukinga, pluie, mvua.

“Kumbe kingamvua!” Vasanti akasema kwa Kiswahili, macho yamemtoka. Kisha, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akaomba saa moja tu.

Hakulia wala hakubembeleza, na hapo mimi humpa shikamoo yake. Aliiacha hariri ndani, akavisha juu yake kitambaa cheusi kisichopitisha maji, mshono hauonekani. Nje mvua, ndani kivuli.

Bibi akatoka nao, akasimama barabarani kitambo kizima, mkavu, akiangalia juu hariri yake. Aliporudi ndani aliagiza mwingine kama ule, wa dada yake.

Tajiri akajifanya anatafuta mkasi.

“Kesho,” akasema bila kumtazama Vasanti, “njoo mapema.”

“Umesikia, Madamu Parapluie?” Mwanamwema alinong'ona.

Vasanti, ambaye hakulia alipofukuzwa, alikuwa amejifunika uso kwa kipande cha hariri kilichobaki, na hariri ile, kama kawaida yake, haikuzuia maji.